Meli Iliyokosa Jina

Mwalimu Athanas alifundisha useremala shule ya misheni hadi akastaafu, na kwa ubishi hata padri alimkwepa. Siku maiti ya dada yake Scholastika ilipolazwa sebuleni, ukungu wa Uluguru ukiwa umefunika bustani za kabichi, ubishi huo ulimponza.

Wakwe wa marehemu walikuja kutoka Kanda ya Ziwa kuidai maiti. Mumewe alishafariki, lakini mahari, walisema, haikurudishwa, kwa hiyo Scholastika bado ni mke wao. Waluguru nao walisema mtu huzikwa na ukoo wa mama yake. Maneno yakawa mengi kuliko machozi. Ndipo Athanas, aliyezoea kushinda kila ubishi, akasimama. "Tusigombane. Mwanawe yuko njiani. Atakalosema yeye, ndilo."

Wazee wa ukoo walimtazama kwa wasiwasi, yeye akatabasamu. Kwa Waluguru mtoto ni wa mjomba, hata akilelewa wapi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwana huyo, Stefano, alichukuliwa na baba yake kwenda Kanda ya Ziwa wazazi walipoachana, akiwa mdogo wa darasa la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akishinda karakanani, kwenye maranda, akimwangalia mjomba wake akichonga meli ya kivita ya zamani kutoka kwenye picha ya kitabu cha padri. Athanas alimsimulia habari zake. Wafaransa waliiunda, wakaiita Klemansi. Waingereza wakaiteka, wakaipandishia bendera yao, wakaibadili jina, na mizinga yake ikageuzwa kuwapiga walewale walioiunda. Ilipochakaa wakang'oa milingoti, wakaifanya gereza, mwisho wakaivunjavunja.

Mtoto alilia. "Mjomba, kwa nini haikurudi kwao?"

"Meli haina akili, baba. Wewe unayo."

Meli ile ya mbao ilikamilika mtoto akiwa ameshaondoka. Athanas hakuichongea jina. Stefano akirudi ataliandika mwenyewe, alisema, na miaka yote aliipangusa vumbi akingoja.

Aliyeshuka kwenye gari mchana ule alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kuchungulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Stefano!"

"Siku hizi naitwa Amosi," alisema kwa upole.

Aliliinamia jeneza la mama yake akalia hadi mabega yakatetemeka, na Athanas akajua ameshinda. Kisha wazee wakamkalisha, wakamuuliza.

"Nimekua nikiwaona baba na mama mbalimbali," alisema. "Nawaombeni, angalau kaburini walale pamoja. Tunamchukua."

Lile "tunamchukua" lilimchoma Athanas kifuani. Alifungua kinywa abishe, akakumbuka kwamba neno alilitoa mwenyewe mbele ya wote. Akageuka akaenda karakanani.

Jeneza likapakiwa kwenye pikapu, likafunikwa kanga. Amosi akaingia karakanani kumuaga mjomba wake, akaiona meli rafuni.

"Kazi nzuri hii! Nadhani uliwahi kunisimulia meli fulani, ila nimesahau. Kuna mwanangu mmoja anapenda sana vitu hivi."

Athanas aliishusha, akaifuta kwa mkono wa shati. Akampa.

Amosi aliigeuza huku na huku akitafuta maandishi. "Inaitwaje, mjomba?"

Nje dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Mtaipa jina wenyewe," Athanas alisema.