Nyoka ni Mwanamume

Baba yake Tatu alikuwa amekata shauri: binti asipopata kazi kabla ya mwezi kuandama, ataolewa Handeni na Mbwana, mwanamume anayepiga miayo hata akiwa anatafuna. Kwa hiyo iliposikika kwamba meneja mpya wa shamba la mkonge pale Mazinde ana mke Mbelgiji, na mke huyo anatafuta yaya, Tatu alikimbilia kambi ya manamba, kwa Josefina wa Urundi, aliyelelewa na masista Wabelgiji.

"Shikamoo, da Josefina. Nifundishe Kifaransa."

"Marahaba. Kaa. Meza ni la table. Ni mwanamke."

"Kaolewa na nani?"

"Tatu!"

"Nauliza tu. Na kiti?"

"Mwanamke."

"Kitanda?"

"Mwanamume."

"Huyo nilimshuku. Na nyoka?"

"Le serpent. Mwanamume."

"Hapo wamesema kweli. Lakini sisi, dada, kisu kina ngeli yake na mti una yake, wala hatumfunui mtu nguo kumtazama. Na hizi herufi za mwishoni, mbona wanaziandika halafu wanazimeza?"

"Njaa," alisema Josefina. "Haya, sema mguu."

Kila jioni ilikuwa hivyo, swali juu ya swali, mpaka Josefina akawa anamwona Tatu kwa mbali na kuanza kuumwa kichwa.

Siku ya kuitwa nyumbani kwa meneja ilipofika, Tatu alipita mlango wa jikoni, midomo ikimchezacheza kwa salamu ya bonjour. Mpishi, mzee Mhina, alikuwa akimenya viazi.

"Unajisemesha nini, binti?"

"Kifaransa, mzee. Ili memsabu anipende."

Kisu kikasimama. "Unajua yaya wa kwanza kafukuzwa kwa nini? Bwana na bibi waligombana mezani kwa Kifaransa, naye akacheka! Memsabu anataka mtu asiyejua hata neno. Hiyo bonjour, imeze."

Tatu akaimeza. Alipoingia barazani, memsabu alikuwa amekaa na mtoto mapajani, amemkazia Tatu macho.

"Wewe jua Kifaransa?"

"Ndicho nini, memsabu? Kinapikwa?"

Memsabu hakucheka. Alimpa kikombe cha chai akishike, kimejaa mpaka ukingoni, kisha akasema polepole kwa Kifaransa, macho yakiwa kwenye miguu ya Tatu. Tatu alidaka maneno mawili tu. Nyoka. Mguu.

Vidole vyake vya miguu vilitaka kukimbia peke yavyo. Kitu kilipita juu ya kisigino, chepesi, pengine mchwa, pengine mwenyewe mwanamume. Akamfikiria Mbwana wa Handeni akipiga miayo juu ya ugali. Chai haikutikisika.

"Samahani, memsabu," alisema kwa upole, "umesema sukari?"

Memsabu akapumua, akamkabidhi mtoto.

Jioni ya siku ya kwanza ya kazi, Josefina alimwona Tatu akija mbio kati ya nyumba za kambi, akashika kichwa.

"Kazi umepata. Maswali ya nini tena?"

"Moja tu, dada. Kwa nini bwana meneja, akimbembeleza mkewe kwa Kifaransa, anamwita kabichi?"

Josefina alichungulia nje kushoto na kulia, akafunga mlango, akasogeza kigoda karibu.

"Naye kabichi," alinong'ona, "kamjibuje?"