Ufa wa Upande wa Dereva

Vumbi la msasa lilisimama hewani kama halina pa kwenda. Jua likapenya kwenye matundu ya bati, likalikuta, likaligeuza nyuzi. Nyuzi nyembamba, nyuzi ndefu, zikashuka hadi kwenye gari kuukuu lililokaa katikati ya gereji, rangi mpya, viti vipya, na mbele, mahali pa vioo, mashimo mawili matupu. Vumbi liliingia na kutoka humo bila hodi.

Mama Vioo alianza kazi kwa kulifukuza. Kitambaa chenye maji. Kitambaa kikavu. Kisha kidole, maana kidole hakidanganyiki. Alikipitisha kwenye ukingo wa bati, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mgonjwa, akitafuta chembe moja tu ya mchanga. Chembe moja ikijificha chini ya mpira, kioo kitapasuka siku itakayoipenda yenyewe.

Miaka kumi na mmoja alikuwa katika gereji ile ya kufufua magari ya zamani. Mmoja alinyoosha bodi, mmoja alipaka rangi, mmoja alishona viti, mmoja alifunga umeme. Yeye alikuwa na vioo. Wanaume wale wanne walimwita dada walipotaka kitu, mama walipotaka kusamehewa, na waliposimulia wageni sifa za gereji hawakumtaja kabisa.

Gari lilikuwa la mkunga mstaafu, bibi mfupi mwenye sauti pana, aliyeliendesha miaka thelathini akienda kupokea watoto wa watu. Kioo chake cha mbele hakikuwa kimoja. Vilikuwa viwili, bapa, na kati yao nguzo nyembamba ya nikeli. Kile cha upande wa dereva kilikuwa na alama: upinde hafifu uliochorwa na waipa, mvua kwa mvua, mwaka kwa mwaka.

"Rangi pakeni mnayotaka," bibi alisema siku alipolileta. "Viti shoneni mpendavyo. Lakini vioo vyangu nirudishieni vilevile. Hapo ndipo nilipokuwa nachungulia njia, huku namwomba Mungu nifike kabla ya mtoto." Akacheka. "Mara nyingine mtoto alinishinda."

Mama Vioo alilichukua neno lile kama mtu anavyochukua amana. Vilevile.

Jumanne ikawa siku ya kuvirudisha. Akauloweka mpira mpya kwenye maji ya moto mpaka ukalegea. Akakivisha kioo mpira huo pande zote, kama anavyovishwa mtoto kofia. Ndani ya mfereji wa mpira akatandaza kamba, ncha zake mbili zikakutana chini katikati, akapaka maji ya sabuni. Mshona viti akasimama nje, viganja viwili vimelala juu ya kioo. Yeye akaingia ndani ya gari, akapiga magoti, akashika ncha.

Akavuta. Si kwa mabavu. Mabavu ni ya asiyejua. Akavuta kwa subira, shibiri kwa shibiri, na mdomo wa mpira ukainuka, ukapanda juu ya bati, ukakaa. Pwa. Shibiri nyingine. Pwa. Kamba ikitoka, mpira ukikaa, kamba ikitoka, mpira ukikaa, mpaka kamba yote ikawa imelala mapajani mwake, na kioo cha miaka thelathini kimerudi nyumbani pamoja na mvua zake zote. Cha pili kikafuata.

Ikabaki mikanda ya nikeli, ile inayopita ndani ya mpira na kuung'arisha uso wa gari. "Hiyo ni kesho," akamwambia msimamizi wa gereji. "Mpira bado umejikaza. Ukilala leo utatulia, na mkanda utaingia kwa kidole gumba tu. Usiguswe."

"Sawa, mama, sawa," msimamizi akasema, macho kwenye simu.

Kesho yake asubuhi Mama Vioo alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama yake mzazi kliniki. Ruhusa aliiomba, ruhusa alipewa. Alirudi saa tano.

Alipoingia, hakuna aliyemsalimia. Nyundo ilinyamaza. Cherehani ikanyamaza. Akaufuata ule ukimya mpaka mbele ya gari, naye akauona.

Ufa. Ulianzia chini pembeni, upande wa dereva, ukapanda, ukapinda, ukaukata ule upinde wa waipa katikati. Miaka thelathini ya mvua, vipande viwili.

Msimamizi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyefika msibani. "Unaona kazi yako?" akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Umekibana mno. Kimeshindwa kuvumilia."

Damu ikampanda Mama Vioo mpaka masikioni. Aliinama. Macho yake yalikuwa na kazi kwanza.

Nusu ya mkanda wa nikeli ilikuwa ndani ya mpira, nusu nje, imepinda kama kijiko cha bati. Pale ufa ulipoanzia palikuwa na kijino, kipande kidogo cha kioo kimeng'oka, ukubwa wa ukucha wa mtoto. Na mbele ya kijino mpira ulikuwa umechanika, mchaniko mfupi, mnyofu, upana uleule wa bisibisi bapa.

Akainuka. "Mkanda huu niliuacha mezani, ndani ya karatasi yake. Nani aliutoa?"

Mnyoosha bodi akaangalia nyundo yake. Fundi umeme akaangalia waya. Mshona viti, aliyekuwa amekishika kioo kile jana kwa viganja vyake mwenyewe, akaangalia sindano. Mpaka rangi akaangalia ukuta, ukuta mtupu, kama umeandikwa kitu. Watu wanne walikuwepo. Watu wanne, macho manane, na hakuna hata jicho moja lililokuwa na ulimi.

"Mkanda unahusu nini?" msimamizi akasema. "Kioo kiliwekwa vibaya. Kilikuwa kinangoja kuguswa tu. Nimeshaandika kwenye kadi ya kazi: uzembe wa fundi vioo."

"Umeandika kabla ya kuniuliza?"

"Hukuwepo."

"Ndiyo hasa!" Sasa sauti yake ilitoka, na ilitoka yote. "Sikuwepo! Nilikuwa kwenye benchi la kliniki na mama yangu. Basi nimekipasua vipi? Kwa simu?"

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Msimamizi akamsogelea, akashusha sauti, akaipaka mafuta. "Mama, usifike huko. Sisi hapa ni familia moja. Libebe hili, yaishe. Kesho hakuna atakayekumbuka."

Familia! Neno zuri limegeuzwa tambara la kufutia bisibisi. Familia gani hii inayomjua dada siku ya lawama tu? Miaka kumi na mmoja mikono yake ilikatwa na kioo na kupona, ikakatwa na kupona, na kila gari lililotoka getini liling'aa kwa jina la gereji. Likitoka linang'aa, ni letu. Likipasuka, ni lako. Libebe. Kana kwamba aibu ni beseni la nguo, la kutwishwa mwanamke kichwani kwa sababu amezoea kubeba.

"Sibebi," akasema.

Neno moja. Akavuta stuli, akaketi mbele ya gari, akakunja mikono. Wenzake wakala chakula cha mchana wakimzunguka kwa mbali.

Saa nane mkunga akaja. Msimamizi alimwahi mlangoni, akampokea mkoba, akaanza maelezo marefu yenye pole nyingi. Bibi akampita akiwa katikati ya sentensi. Akavaa miwani, akaegemeza kiganja kwenye boneti, akatazama. Alitazama muda mrefu. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anahesabu, kisha ikatulia.

"Nani alikishika mwisho?"

"Bibi, aliyekiweka ni huyu mama hapa, na mimi nilishamwonya..."

"Sikukuuliza aliyekiweka."

Msimamizi akauhamishia mkoba wa bibi mkono wa pili.

"Miaka thelathini nimekaa vyumbani nikiyasikia haya," bibi akasema, hata hakugeuka. "Mtoto akilia vizuri, huko mlangoni wanampongeza baba. Akichelewa kulia, wanamrudia mama. Ulikula nini? Uliinama wapi? Ulifanya nini? Na mimi ndiye niliyekuwa ndani, najua nani alifanya nini. Kwa hiyo mimi usinipambie." Akamgeukia Mama Vioo. "Mwanangu, sema."

Mama Vioo akasema. Hakuongeza chumvi. Akamwonyesha kijino, akamwonyesha mchaniko, akachukua bisibisi bapa ya msimamizi kutoka mezani, akailaza kwenye mchaniko ule. Ikakaa. Ikakaa kama imezaliwa hapo.

Jasho likamtoka msimamizi. "Ilikuwa bahati mbaya, bibi. Kulikuwa na wageni wanakuja kutazama gari. Nilitaka walikute linapendeza."

"Kukivunja ni bahati mbaya," bibi akasema. "Mimi nimevunja vingi. Lakini kumsingizia mwenzako si bahati. Hiyo ni kazi umeifanya, ukashika na kalamu."

Akaagiza kadi iletwe. Akamsimamia msimamizi mpaka alipofuta alichoandika na kuandika kilichotokea, kwa mkono uleule, kwa kalamu ileile. Kisha akaomba kioo chake kilichopasuka kitolewe, kifungwe ndani ya blanketi, akaondoka nacho kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Hakulia. Ila alipokuwa anafunga mlango alikishika blanketini, mahali pa ule upinde, na Mama Vioo akaona, na hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikawaka upya. Kadi ilifutika. Kioo hakifutiki. Hakuna fundi duniani anayejua kutengeneza mvua za miaka thelathini.

Siku mbili baadaye akakata kioo kipya. Alikipima mara tatu, akakichora kwa almasi, mlio mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akakisugua kingo. Kilikuwa kioo kizuri. Hakikuwa na kosa lolote, wala kumbukumbu yoyote.

Mshona viti akasogea kukishika nje, kama kawaida. "Wewe kashone," Mama Vioo akamwambia. Akamwita msimamizi. "Leo utashika wewe."

Akaja. Akaweka viganja. Mama Vioo akapiga magoti ndani, kamba mkononi, wakawa uso kwa uso na kioo kati yao. Shibiri. Pwa. Shibiri. Pwa. Katikati ya kazi midomo ya msimamizi ikacheza upande wa pili. Alisema neno, fupi. Mama Vioo hakulisikia, na hakujisumbua kulisoma. Kama lilikuwa pole, alijua mlango ulipo. Azunguke, alisemee upande huu, mbele ya wale wanne, kwa sauti ileile aliyotumia kumwita mzembe.

Hakuzunguka. Kamba ilipoisha alifuta viganja kwenye suruali, akaenda zake.

Kesho yake, mpira mpya ulipotulia, ndipo mikanda ikaingia, na ule uliopinda ukiwa umenyooshwa. Kwa gumba tu, kama alivyosema. Alikuwa kwenye mkanda wa mwisho, jua limeanza kulala, mpaka rangi alipokuja na kusimama nyuma yake, akigeuzageuza bomba lake la kupulizia.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi niliona. Nilikuwa palepale. Nilimwona na ile bisibisi."

"Najua."

"Ningefanya nini, dada? Nina watoto."

"Hata mimi ninao."

Mpaka rangi akaliweka bomba chini. "Nilitaka tu ujue kwamba niliona."

Mama Vioo akauegemea mkanda kwa gumba, shibiri ya mwisho, ukaingia, ukakaa. Ndipo alipogeuka.

"Siku nyingine," akamwambia, "ona kwa sauti."

Jua la jioni likagonga nikeli, likaruka, likampiga mpaka rangi usoni. Akakunja macho, akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, na kila alipogeukia mwanga ulikuwepo.