Ufunguo wa Mnara

Misa ilipokwisha, wanaume wanane wa klabu ya mbio za njiwa hawakwenda kunywa bia kama kila Jumapili. Walimfuata Godelieve Verstuyft hadi mlango wa mnara wa kanisa, mmoja wao kabeba gunia. Godelieve akajua kilichowaleta. Ufunguo alikuwa nao yeye, mtunza kanisa wa miaka ishirini na sita, na kule juu kando ya kengele kubwa kulikuwa na makinda matatu ya kozi, ndege mwindaji, yamebakiza siku tisa tu yaruke.

Akaegemea mlango, akakunja mikono.

Mwenyekiti wao, Firmin, alianza kwa maneno matamu. Akamkumbusha kwamba klabu ilianzishwa na marehemu baba yake Godelieve, kwamba Godelieve mwenyewe ni mfugaji wa njiwa, kwamba mwezi huu pekee kozi wamekula njiwa kumi na mmoja. Wengine, maskini, wamevuka Ufaransa nzima kwa mabawa yao, wakaja kufa wanapaona kwao. Padri alishaulizwa, akasema mambo ya mnara ni ya mwenye ufunguo. Padri gani huyo, jamani, anayewaogopa waumini wake!

Godelieve akawaambia sheria inawalinda kozi.

"Sheria haifugi njiwa," Firmin akasema. "Unajitia huruma kwa sababu hayajakukuta. Angeliwa Kaizari wako, tungekuona."

Kaizari alikuwa njiwa wake bora, bingwa wa mbio ndefu za kutoka Hispania. Mji mzima ulijua kwamba alipotea njiani mwezi wa nne. Godelieve alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa pete ndogo ya mguuni mwa njiwa, akamwekea Firmin kiganjani. Firmin akavaa miwani, akasoma namba ya Kaizari. Uso ukamshuka.

"Niliiokota kwenye kiota," Godelieve akasema. "Niliwadanganya. Nililia siku tatu, ya nne nikapanda na fagio nimalize kila kitu, mayai na mama yao. Yule kozi akayalalia mayai yake. Nikamwinulia fagio usoni, hakusogea hata kidogo. Nikaona aibu, nikashuka."

Mwenye gunia alilikunja taratibu, akalificha nyuma ya mgongo.

"Lieve, mdogo wangu," Firmin akaanza, "basi hata wewe unaelewa..."

"Naelewa sana. Uchungu wenu ninao, pengine nimewazidi, na bado hampandi. Wafungieni njiwa wenu siku tisa. Na anayeutaka huu ufunguo, anisogeze mimi kwanza."

Firmin akawageukia wenzake. Wote walimjua Godelieve tangu utotoni, na wote wakawa wanaangalia viatu vyao. Godelieve hakuubandua mgongo mlangoni.

Akanyoosha mkono.

"Na pete ya njiwa wangu nirudishie."