Misukule ya Pili

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka tisini na tisa, siku Bujiku aliporudi kutoka Kahama na sidii mpya ya gemu kaiweka kifuani ndani ya shati, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Aliinunua dukani kwa Jignesh, muuza redio na saa. "Hii ndiyo ya pili," Jignesh alimwambia. "Ile ya kwanza sasa ukatishie kunguru shambani. Hii watakuvunjia mlango."

Bujiku alikuwa na banda la mabati pale Mwanzubi, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo: tivii moja, jenereta moja, mashine ya gemu, na mabenchi ya mbao zilizokataliwa mashimoni. Jina halisi la gemu liliandikwa kwa herufi za Kijapani, na Mwanzubi nzima hapakuwa na wa kuzisoma. Lakini wachimbaji walipoona kwa mara ya kwanza maiti wanatembea midomo wazi, hakuna aliyeuliza jina. "Misukule hao," mmoja alisema, yakaisha.

Na msukule kila mtu anamjua. Ni mtu aliyechukuliwa na mchawi. Nyinyi mnalia, mnazika mgomba mkidhani ni yeye, kumbe mwenyewe yuko mahali analimishwa. Kwa hiyo msukule hakosi mwenyewe, yule mchawi anayemmiliki. Hapo ndipo gemu ya kwanza ilipowaudhi. Unazunguka jumba zima, risasi tatu mfukoni, unakimbia, unajificha, unatafuta funguo, unatoka salama. Mwenye misukule humwoni.

Bujiku alikuwa akisimama pembeni ya tivii na fimbo yake, akiwatafsiria. Shule aliiacha darasa la tatu, Kijapani atakitoa wapi? Alikuwa anatunga tu, na watu walipenda. "Mwenyewe yupo," aliwaambia. "Amejificha. Ngojeni ya pili."

Basi ya pili ikaja, na mwenyewe akaonekana. Alikuwa kikongwe aliyepinda mgongo, anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho ukingoni mwa shamba, macho mekundu kama makaa.

Kisha sauti ikatoka nyuma, "He! Si huyu Bibi Mbuke?" Watu wakaangua kicheko, na Bujiku akacheka nao.

Bibi Mbuke alikuwa mama mkwe wake. Alikuja kutoka upande wa Ushirombo kumlea mjukuu wake, Loveness, baada ya bintiye Eufrasia kufariki. Macho yake yalikuwa mekundu, kweli. Mwanamke akipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na mabua ya pamba miaka hamsini, unataka macho yake yawe na rangi gani? Bujiku alimjengea nyumba yake mbali kidogo, ukingoni mwa shamba, kwa sababu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Neno likiwepo, Loveness alilibeba. "Baba, bibi anauliza chumvi." "Mwambie bibi yako chumvi ipo dukani, inakuja." Huyo bibi yuko hatua chache tu, kageuza mgongo, kanga kichwani, na ameshasikia yote.

Siku zile za mwanzo Bujiku aliisifu gemu ya pili mpaka mate yakamkauka. Aliwaonyesha tochi inavyomulika na vivuli vinavyokimbia ukutani. Aliwaambia wafumbe macho wasikilize nyayo zinazowajia kwa nyuma. Halafu wawili waliweza kucheza pamoja, bega kwa bega, jambo ambalo ya kwanza haikuwa nalo. Na risasi! Risasi zilimwagika kama mtama. Marselino, kijana wa shimoni mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alifika mpaka mlangoni kwa yule kikongwe, akamtwanga risasi, kikongwe akaanguka, akainuka tena. Hapo kila mtu alikwama.

Ndipo shimo la Maduhu lilipoporomoka na kuwafukia vijana wawili.

Maduhu alikuwa mwenyekiti wa kijiji na mwenye shimo, yote mawili, na kwa Bujiku huo ulikuwa ugonjwa wenyewe. Wachimbaji walikuwa wamemwomba magogo ya kuegemezea kuta, akasema magogo ni ghali, udongo wa Mwanzubi ni mgumu. Mtu huyohuyo, usiku Eufrasia alipokuwa akimwaga damu ya uzazi, Bujiku alimpigia magoti ampe pikapu ya kijiji. Maduhu alisema pikapu haina mafuta. Eufrasia akafia kwenye baiskeli kabla ya kufika zahanati. Wenye vyeo wana jibu moja, alizoea kusema Bujiku, wanabadilisha kofia tu.

Sasa Maduhu akapiga mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuita watu, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na pinde zao. Kikao kikakaa mchana mbele ya banda la gemu, maana ndipo palipokuwa na mabenchi. Bibi Mbuke aliletwa, akakalishwa chini. Hata hapo alimgeuzia mkwewe mgongo.

"Vijana wale hawakufa," alisema Maduhu. "Udongo wa Mwanzubi ninaujua. Wamechukuliwa. Na mwenye kuchukua watu sote tumemwona, tena kwenye tivii ya Baba Loveness."

"Mwenyekiti, ile ni gemu," alisema Bujiku.

"Nani aliyetuambia ngojeni ya pili, mtamwona mwenyewe? Mimi?"

Watu wakaguna. Bujiku akaona hana pa kupita isipokuwa kuitukana mali yake mwenyewe.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Gemu hii ya pili ni mbovu."

"Juzi ulisema ni asali!"

"Nilikuwa nauza. Nani anauza akasema kinanuka? Ile ya kwanza ilitengenezwa na watu wenye akili. Ulikuwa na risasi tatu. Kabla hujapiga unajiuliza: nipige huyu, au nikimbie? Labda si adui. Woga ulikufanya ufikiri. Hii wamekujaza risasi mpaka masikioni, sasa kazi yako ni kupiga tu. Kila anayesogea, paa! Gemu ya vitisho isiyotisha, ni gemu hiyo? Na mlango wa jumba wameurudia mara ngapi? Marselino, sema."

"Ule ule kila siku," alikubali Marselino. "Na yule mwenzako anayeongozwa na mashine ni bwege, anakuzibia njia."

"Mmesikia! Waliotengeneza hii walichoka. Wakubwa wao waliwaambia harakisheni, watu wanangoja kununua. Wakakosa adui wa maana, wakachukua ajuza wa watu wakampaka macho rangi nyekundu. Uvivu huo, wazee wangu. Hao hawamjui Bibi Mbuke, hata Mwanzubi hawaijui."

Kwa muda mfupi ilionekana wamemwelewa. Mzee mmoja wa sungusungu aliteremsha upinde. Lakini Maduhu hakuwa mwenyekiti kwa bahati.

"Baba Loveness," alisema kwa upole, "mkeo ulimzika?"

"Kaburi lake si lile pale?"

"Kaburi naliona. Nauliza, uso wake uliuona?"

Bujiku hakuwa ameuona. Wanawake ndio waliomwosha na kumfunga sanda. Yeye alipokea kitu kirefu cheupe akakishusha kaburini. Uzito wake ulimshangaza siku ile, lakini uzito wa maiti nani anaujua?

"Mgomba nao ni mzito," alisema Maduhu.

Marselino akasimama. Hakuwa na nia mbaya; alikuwa mchezaji tu, na gemu isiyoisha ilimwasha kama upupu. "Mbona tunabishana? Nimegundua siri ya yule kikongwe. Humpigi yeye, unapiga taa iliyo nyuma yake. Niacheni nimalize. Akifa, tutaona misukule wake wanakuwaje."

"Wakirudi kuwa watu," alisema Maduhu, "tutakuwa tumejua kazi yetu. Wasiporudi, bibi aende zake."

"Jenereta haina mafuta," alisema Bujiku haraka.

Maduhu akamnong'oneza mtu. Mtu yule akaenda kwenye pikapu ya kijiji, akafyonza kwa mpira, akarudi na dumu limejaa.

Bujiku alilitazama lile dumu. Kamba ya jenereta aliivuta mwingine.

Watu wakaingia wakabanana, wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Bibi Mbuke aliketishwa mbele kabisa, Loveness akimshika kanga. Bujiku alisimama mahali pake pa siku zote. Waya wa umeme ulipita chini ya mguu wake. Kuuvuta ilikuwa kuinama tu. Tivii ingezimika, nao wangekasirika, wangempiga, labda wangesahau. Aliujua mwili wa Eufrasia ulivyopoa mikononi mwake juu ya ile baiskeli. Aliujua. Alijiambia hivyo mara ya kwanza, akajiambia tena, na mara ya tatu akaona anabembeleza mtu asiyemwamini. Hakuinama.

Marselino alicheza bila kupepesa. Akapita mlango ule ule, akapiga huku na huku, hata mtu akamzomea, "Bakiza basi!" Kikongwe akatokea, macho yanawaka. Mbele yake Bibi Mbuke, kutoka chini alikoketi, alimtazama yule mwanamke wa kwenye kioo kama mtu anayemtafutia jina mgeni. Risasi ikapiga taa. Moto ukaruka. Kikongwe akapiga ukelele mrefu, akawa jivu, na safari hii hakuinuka.

Waliokuwa nyuma wakapanda juu ya mabenchi.

Misukule wote wakalala chini kwa pamoja kama mabua yaliyofyekwa. Picha ikasogea taratibu juu yao, juu ya migongo, juu ya mikono. Kisha mmoja, mwanamke, akajiinua kwa kiwiko. Uso wake ukageukia watu. Kabla haujaonekana vizuri kioo kikawa cheusi, na maandishi ya Kijapani yakaanza kupanda kutoka chini, mstari kwa mstari, meupe, mengi.

"Amerudi yule?" mtu aliuliza.

"Amejigeuza tu. Wanakufa hivyo."

"Amefumbua macho, mimi nimeona!"

Maduhu akainua mkono, wakanyamaza. "Imeandikwa hapo. Baba Loveness, wewe ndiye msomaji wetu. Soma."

Macho yote yakamgeukia. Bujiku alishika fimbo yake. Mistari ilikuwa inapanda, na ya juu ilikwisha kutoweka. Alijua anachotakiwa kusema: hawakurudi. Kilikuwa kifupi, hata mtoto angekisema. Hakukisema, kwa sababu na yeye alikuwa anayatazama yale maandishi, anayatazama kwa njaa, kama mtu aliyeletewa barua ya mke wake.

Ndipo Bibi Mbuke akageuka. Hakumtuma Loveness. Alishusha kanga kichwani, akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoze binti, na macho yake mekundu yalikuwa yamejaa maji.

"Mkwe wangu," alisema, "hapo wameandika mwanangu yuko wapi?"