Aliyesimama Mlangoni

Hapana, mjukuu wangu, hakushindwa. Angeshindwa ingekuwa nafuu. Tahiri alishinda ile kesi, tena mchana kweupe, watu wanacheka, na ushindi wenyewe ndio uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Unaniuliza kwa nini wakili mzima, ana ofisi yake mjini Tanga, ghorofani pale juu ya mafundi cherehani, alikwenda kusimama mbele ya wanawake wanaoanika mwani akajisema mwenyewe. Tulia basi nikuanzie mbali kidogo.

Kijiji chenyewe, ukitoka Tanga unashika barabara ya Horohoro, halafu unakata kulia, unateremka mpaka pua ikwambie umefika. Barabara ile zamani mvua ikinyesha... ah, tuache barabara. Huko kulikuwa na wanawake wawili, Tausi na Mwanamkasi. Tausi ni mama mdogo wake Tahiri, tumbo moja na mamake. Mwanamkasi si ndugu, ni jirani, shoga yake Tausi wa kununua doti moja ya kanga wakagawana, huyu kipande na huyu kipande. Lakini kwa Tahiri alikuwa zaidi ya jirani, maana utoto wake wote alikula kwake. Akipakua wali, yale matandu ya chini ya sufuria, yale makavu yanayolia mdomoni, alikuwa anamwekea Tahiri, watoto wake mwenyewe wananuna.

Wote wawili wana mashamba ya mwani, yamepakana. Si shamba la jembe hilo. Ni vijiti vimechomekwa baharini, kamba imetoka kijiti hiki mpaka kile, mwani unaning'inia, maji yakitoka wanaingia kuvuna. Ili watu wasichanganye, kila mtu anafunga kitambaa chake. Cha Tausi chekundu, cha Mwanamkasi kijani.

Siku moja Tausi anafika, kamba zake tupu. Kuuliza, aliyevuna ni Mwanamkasi. Kumfuata, anasema, "Nimevuna changu." "Shoga, hicho changu." "Changu!" Basi maneno yakapanda, wakatoleana ya juzi na ya zamani, mpaka ya harusi ya nani sijui. Tausi akapanda gari mpaka kwa Tahiri, analia.

"Mwanangu, shoga yangu kaniibia. Si mwani unaoniuma. Ni yeye."

Na hapa ndipo penye kosa, sikiliza vizuri. Tahiri alikuwa anajua. Ramadhani ile iliyopita alikwenda kufuturu kwa Mwanamkasi, akamkuta anachambua mchele, mawe yanabaki kwenye ungo, mchele unatupwa. Akamshika mkono. Mama yule akashusha sauti, "Macho yamekwenda, mwanangu. Naona ukungu tu. Usimwambie mtu, hata Zuwena binti yangu. Wakijua hawataniacha niingie baharini, na mie nikikaa ndani nakufa." Tahiri akamwapia.

Kwa hiyo Tausi anavyolia pale ofisini, Tahiri keshajua hakuna mwizi hapa, kuna mama hatofautishi chekundu na kijani. Angemwambia, "Mama mdogo, subiri, niache nikaongee na mwenzio kwanza," akaenda kwa Mwanamkasi akamwomba ruhusa amfungulie siri yake shoga yake, yangeisha kwa kikombe cha chai. Au angesema, "Hii siichukui, nyote mama zangu," hakuna ambaye angemlaumu. Hakusema. Aliliangalia lile jambo kama seremala anavyoangalia ubao mzuri, akaliweka pembeni. Litafaa. Kesi akaichukua.

Siku ya kesi Mwanamkasi kasimama mwenyewe, hana wa kumsemea. Asubuhi kwenye korido Tahiri alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" Sasa wako ndani, mama anasema, "Nilivuna changu. Kitambaa cha kijani nimekiona kwa macho yangu haya."

Tahiri akanyanyuka, kajiweka sawa koti.

"Shahidi, umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

"Macho mazima?"

Mama akamgeuzia uso, kama anamtafuta yuko wapi. Halafu akasema, "Mazima."

"Basi iambie mahakama, yule aliyesimama mlangoni ni nani?"

Mwanamkasi akakunja uso, akanyoosha shingo. "Si askari yule."

Watu wakaangua kicheko. Yule wa mlangoni akasema, "Mama, ni mie." Alikuwa Zuwena, kavaa baibui lake, kaja kumletea mamake maji ya kunywa.

Kesi ikaishia hapo hapo. Mwanamkasi akatafuta pa kukaa kwa kupapasa, na sasa hakuwa na sababu ya kuficha kwamba anapapasa. Tahiri akaona ile mikono. Mpaka leo anaiona.

Nje, Tausi hakumpa mkono wa hongera. Akamsogelea karibu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Kabla sijaja kwako?" Tausi akauliza. "Mie nimekuja kwako nalia kwamba shoga yangu mwizi, wewe unajua si mwizi, unaniangalia tu? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia," Tahiri akasema, "kesi isingekuwepo."

Lilipomtoka lile neno akalisikia kama kalisema mtu mwingine. Tausi akamwangalia, akajifunga kanga vizuri, akakataa kupanda gari lake. Akarudi kwa basi.

Tangu hapo Tahiri raha hana. Anamwuliza mteja swali, katikati ya swali anasikia kile kicheko. Akiletewa wali, anaangalia chini ya sufuria. Mkewe Lea, mtoto wa Kishambaa wa huko njia ya Amani, akamwambia, "Wewe unaumwa, na dawa yake haiko hapa. Nenda."

Akaenda. Lakini mjukuu wangu, akaenda na koti. Akapiga hodi kwa Mwanamkasi, akatoka Zuwena, kakaa pale pale kizingitini.

"Karibu wakili. Umekuja kutuuliza nani kasimama mlangoni?"

Tahiri akaanza, oo, anasikitika sana, lakini kazi yake ilimlazimu, lakini mteja ana haki zake, lakini kwa mujibu wa sheria... Zuwena akamsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka.

"Mama anasema hongera kwa hotuba. Ukitoka ufunge geti, mbuzi wanaingia."

Mara ya pili hakuja na koti wala hotuba. Akakaa barazani. Jua likasogea mpaka miguuni kwake. Mwanamkasi akatoka, anashika ukuta.

"Nani huyo?"

"Tahiri."

"Tahiri yupi? Wakili, au yule wa matandu?"

"Wa matandu, mama."

"Yule hakuwa ananiuliza kitu anachokijua."

Tahiri akainamisha kichwa. Alitaka kusema ile "lakini" yake, ikafika mpaka kwenye ulimi, akaimeza. Mawakili wamefundishwa, mbele ya hakimu usiulize swali usilojua jibu lake. Ndivyo alivyozoea kuongea na watu wote. Sasa akauliza asilolijua.

"Mama, unataka nifanye nini?"

Mwanamkasi akakaa.

"Tausi mie sina neno naye. Mtu kakuta kamba zake tupu, angefanyaje? Na mwani wake nitamrudishia. Lakini wewe nilikupa neno la ndani ukalitoa nje watu wakacheka. Msamaha wa humu barazani siutaki, humu hakuna aliyecheka. Nenda kule kwenye vichanja vya mwani, wapo wote. Waambie walichokuwa wanakicheka ni nini."

Tahiri akaanza kupiga hesabu. Kazi ya wakili ni kupewa na kutunza siri za watu. Akisimama pale akasema mie siri nimeitoa, nani atamletea yake tena? Na kijiji kile nusu ya kesi zake zinatoka huko huko. Akataka kuomba afikirie. Akamwona mama kakaa, uso kaugeuzia mahali ambapo yeye hayupo.

Akaenda.

Wanawake wamejaa kwenye vichanja, wanageuza mwani juani, na mzee Abdulghani yupo, mnunuzi wa mwani, mwenye mdomo. "Haya, mheshimiwa," akasema, "leo unamshitaki nani?"

"Nimejishitaki mwenyewe," Tahiri akasema. "Mama Mwanamkasi si mwizi, na mahakamani hakutaka kudanganya, alikuwa anaogopa kuzuiwa bahari. Aliniambia kabla kwamba haoni, nikamwapia sitasema. Jambo hilo nikalificha hata kwa mama mdogo hapa, ambaye lingempoza. Nikalitunza nije nimwaibishe nalo. Nyie mlimcheka yeye. Wa kuchekwa nilikuwa mie."

Hakuna aliyecheka. Mwani tu unanuka. Mama mmoja akasema polepole, "Basi mie ile kesi yangu ya minazi, Tahiri, usinune, nitampelekea mwingine."

"Sawa mama," akasema.

Tausi keshaacha uma wake wa kugeuzia mwani, anakwenda, karibu anakimbia. Tahiri na Abdulghani wakamfuata. Akamkuta Mwanamkasi barazani, akamshika mkono bila salamu.

"Ungeniambia huoni, shoga, ningekuongoza."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka kwanza. Halafu ningekuongoza."

"Ndiyo maana sikukwambia," Mwanamkasi akasema, na Tausi akaanza kulia na kucheka pamoja, mwanamke huyu alikuwa na machozi ya karibu sana. "Ingia ndani. Bada la muhogo tayari, na mchuzi wa papa. Zuwena, tandika mkeka!"

Wakaingia, Tausi kamshika mwenzie kiwiko, Abdulghani naye kajikaribisha mwenyewe, maana penye papa hakosi. Tahiri akabaki mlangoni. Aliyeambiwa aingie si yeye, na kuondoka hawezi. Sinia likawekwa, mvuke unapanda. Mkono wa Mwanamkasi ukanyooka kuelekea chakula, ukasimama hapo hapo.

"Wote wamekaa?"

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Nani kasimama mlangoni?"

Zuwena akashusha macho. Tahiri akajibu mwenyewe, "Ni mie, mama. Tahiri."

"Mwanga ninaouona mie ni huo wa mlango tu, nao kidogo," Mwanamkasi akasema, "na wewe umeuziba. Ingia ukae, chakula kinapoa."

Tahiri akavua viatu, akaingia. Zuwena alimsogelea mamake kumpa nafasi, hakumwangalia, lakini alisogea. Tahiri akanawa mikono, akakaa. Wakala.