Nyumba ya Zita Yavuka Mawe

Ijumaa saa mbili asubuhi Zita alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, kijijini Keza, akimenya ndizi, na kutoka ndani Niragira alikuwa anamwambia kwamba maganda anayakata manene mno. Zita alijibu kwamba mtu aliyelala hapimi maganda. Walikuwa wakizungumza hivyo kwa miezi kumi na tisa, tangu Niragira alipoteremka kutoka Burundi na nyonga iliyovunjika, akawekwa mlangoni pale na watu waliokuwa na haraka. Zita alimlisha, alimwogesha, na kila baada ya saa tatu alimgeuza ubavu ili vidonda vya mgongoni visizidi.

Mwaka huo, 1995, palikuwa na mashirika mawili. Shirika la Makazi liliezeka kwa mabati nyumba za wanakijiji, na fomu yake haikuwa na mstari wa kumwandika mgeni, hivyo ya Zita ilirukwa. Shirika la Matunzo liliwatibu wakimbizi pale wanapokaa, mradi wakae ndani ya kambi. Kambi ilianzia bondeni, hatua mia nne chini ya mgomba wa mwisho wa Zita, kwenye mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Muuguzi wa Matunzo, Scolastica, alikuja na sanduku la dawa hadi kwenye mawe kila Jumanne na Ijumaa, akapunga mkono, akarudi.

Kisha, wiki hiyo, ikaja barua kutoka kambini. Niragira ahamie hema la wazee kabla ya Jumamosi, la sivyo kadi yake ya ukimbizi itafutwa. Zita alilijua hema hilo. Wazee wanne waliingia humo tangu mvua za vuli, wakalala chali bila mtu wa kuwageuza, na wote wanne walikuwa wamekwisha kuzikwa. Naye Zita, kwa kuwa ni mwananchi, hakuruhusiwa kulala kambini.

Asubuhi hiyo Faustini alifika na wenzake sita. Alikuwa kiongozi wa chama cha machela, vijana wanaobeba wagonjwa na wajawazito wa Keza hadi barabarani. Hakuwahi kumshusha mgonjwa njiani, na alipenda watu walijue hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua."

"Nimeletewa barua, mama."

"Basi nibebe na mimi."

Faustini alianza kueleza habari ya mwananchi kulala kambini. Niragira akamkatiza kutoka ndani.

"Nani atanigeuza huko? Au wewe mwenye mabega utakuja kulala na vikongwe?"

Wenzake walicheka. Faustini aliizunguka nyumba mara moja, akaupigapiga ukuta kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akasema mgonjwa ni huyu hapa: paa linavuja, nguzo imeinama. Abebwe mzima, na waliomo.

Hakuna aliyebisha. Walikata miti minne, wakaipitisha chini ya kuta, wakainua. Nyumba haikusogea. Machela ya Keza hubebwa na watu wanane, na wa nane, Anatoli, alikuwa amesafiri kwenda Nyakanazi kwa miezi miwili. Njiani alikuwa anapita Irakoze, mkimbizi aliyemlimia Wiston, mmoja wa wabebaji, kwa malipo ya mkungu wa ndizi. Faustini akamwita.

"Tangu lini mtu wa kambi akashika mti wa machela yetu?" aliuliza Wiston.

"Tangu sasa. Sogea, mpishe bega."

Irakoze aliweka jembe chini, akaweka bega, na nyumba ikainuka. Haikuwa nzito. Baadaye wote walikubaliana kwamba uzito wake ulikuwa wa mjamzito wa miezi saba, na hao walishawabeba wengi. Sakafu ilibanduka pamoja na mafiga na moto wake. Pale ilipokuwa pakabaki mraba wa udongo mwekundu, na kuku wakaanza kuuparura mara moja. Zita aliendelea kumenya ndizi.

Waliteremka mbio. Wanawake walitoka mashambani wakipiga vigelegele, mbuzi wakapisha, na Faustini, jasho likimwingia machoni, akatunga wimbo palepale na wote wakaudaka:

Tumebeba nyumba nzima, mabibi wawili ndani,
Tumeushuka mlima, moshi ungali jikoni.

Waliyavuka mawe, wakaitua hatua thelathini ndani ya kambi. Scolastica alipiga hodi, akaingia, akasafisha vidonda, akajaza fomu: mgonjwa anakaa kambini, nyumba ya udongo, mlango unatazama mashariki. Jioni, kwa kuwa Zita hakuruhusiwa kulala huko, waliipandisha tena. Jumanne wakaishusha. Ijumaa pia. Vidonda vikaanza kukauka.

Wiki ya tatu alikuja Bwana Pancras kutoka Ngara mjini, afisa wa ushirikiano wa mashirika yote mawili. Aliitazama nyumba ikiteremka, akauliza inachukua dakika ngapi. Faustini alikuwa amefua shati. Aliamini kwamba sasa wakubwa wameona kwa macho yao, na jambo limekwisha.

Pancras aliwasomea mkataba watu wakiwa wamekaa majanini. Makazi watatoa mabati. Matunzo watatoa dawa. Chama cha machela kitabeba nyumba Jumanne na Ijumaa, kwa kujitolea. Yakafuata majina ya wabebaji, saba. Zita aliandikwa mnufaika wa pili. Watu walipiga makofi.

"Bwana Pancras," alisema Faustini, "muuguzi ana miguu. Si apande tu hizo hatua mia nne?"

Pancras alisema swali ni zuri, lakini si la kikao cha ushirikiano.

"Na wa nane wetu?"

"Huyo ni wa kambini," alisema Pancras, akakunja karatasi.

Ijumaa iliyofuata walipiga magoti, Irakoze akiwa mbele kushoto, na nyumba ikapaa iking'aa kwa bati jipya. Vigelegele vilipigwa pande zote mbili za bonde. Scolastica alikwisha fika kwenye mawe, amesimama miguu pamoja, sanduku mkononi, anawasubiri. Walikuwa katikati ya mteremko, wimbo umepamba moto, saa ya Niragira kugeuzwa ilipofika. Zita alipiga goti kwenye sakafu iliyokuwa hewani, akapitisha mkono chini ya mgongo wa mwenzake, akamlaza ubavu wa kushoto.