Nyuzi Sitini Chini ya Sifuri

Fundi wa majokofu waliyemwita Mzee Barafu alikuwa na kazi moja tu: chumba cha baridi kiwe na nyuzi sitini chini ya sifuri, kama ardhi ya Mirihi. Akaharibu. Wala hakuharibu kwa uzembe, jamani, aliharibu kwa mapenzi, na mtu wa namna hiyo hata kumgombeza ni shida.

Mle ndani mlikuwa na kreti kubwa la udongo mwekundu uliogandishwa pamoja na maji, na juu yake mashine ya kutoboa barafu. Binti yake, mhandisi, aliihangaikia miaka minne. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuamua kama itapanda chombo cha anga kitakachotangulia Mirihi. Watu hawatapelekwa huko mpaka ijulikane barafu yake inachimbika, kwani ndiyo maji yao ya kunywa, hewa yao na mafuta ya kurudia nyumbani. Ikikwama, watachukua mashine ya wengine.

Baba mtu alimwona binti yake hali, halali. Basi siku mbili kabla ya jaribio akapunguza baridi kimyakimya mpaka nyuzi kumi chini ya sifuri. Barafu ikiwa laini, alijiambia, mtoto atatoboa kama anakata sabuni. Siku ilipofika binti akauliza kipimo, naye akajibu bila kupepesa macho: sitini.

Mashine ilishuka shubiri mbili, ikakoroma, ikanyamaza. Barafu ile laini iliyeyuka keekee, ile ncha ya kutobolea, ilipoisugua, kisha maji yakaganda upya na kuibana pande zote. Binti alikagua nyaya, akakagua mota, akarudia. Mkaguzi mkuu akafunga daftari. Binti akaanza kuomba radhi, akisema huenda alikosea hesabu.

Hapo mzee akashindwa kuvumilia.

"Hesabu zake hazina kosa," alisema. "Mimi nilipunguza baridi, halafu nikadanganya. Nilidhani namsaidia."

Aibu ilimwenea mwili mzima, lakini kifua kikawa chepesi. Msimamizi wake alitaka kumfukuza palepale. Kwa bahati mkaguzi mkuu hakuwa mtu wa makuu. Alisema watarudi baada ya siku mbili, na iwe mara ya mwisho. Binti alimsubiri baba yake mpaka wakabaki wawili kwenye korido.

"Baba, kule Mirihi nani atawapunguzia watu baridi?"

"Hakuna, mwanangu."

"Basi niache nipambane nayo hivyohivyo ilivyo."

Siku ilipofika, msimamizi alitaka kipimo kisomwe na mtu mwingine. Binti akakataa, akasema atasoma fundi. Mzee akasoma mara tatu, akatangaza sitini na mbili. Binti hakuja kuhakikisha, alibonyeza kitufe.

Keekee ikaikata barafu ngumu, kavu, ikatema unga mwekundu mpaka ikagonga sakafu ya kreti. Mkaguzi mkuu akatia sahihi kabla hata hajaketi. Mzee Barafu yeye aliketi, juu ya sanduku lake la spana, akalia kwa raha bila kujificha. Alikuwa amepona aibu yake.

Binti akaja na konzi ya kwanza ya unga wa barafu, akamwekea juu ya glavu, kisha akafungua daftari lake.

"Pima baridi yake, baba," alisema. "Naandika utakachosema."